Sanduku la mchanga la kufundishia maji ya chini ya ardhi: linapofaa na linapodanganya

Kifaa ninachokitathmini ni sanduku jembamba la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, lenye urefu wa takriban sentimita 60 na unene usiozidi upana wa kiganja, ambalo hujazwa matabaka ya kokoto, mchanga na udongo wa mfinyanzi, kisha hutiwa maji ili watu waone kwa macho yao jinsi maji yanavyokaa na kusafiri chini ya ardhi. Masanduku ya aina hii hutengenezwa na viwanda kadhaa vya nje, nayo yanafanana kiasi kwamba maoni yangu yanahusu aina ya kifaa, si nembo fulani. Nimelitumia katika mikutano ya mitaa na katika shule za sekondari za Dar es Salaam, na hukumu yangu naitoa mapema: kwa kufundisha namna maji yanavyochafuliwa sijaona kifaa kinachokikaribia hiki, lakini kwa kufundisha namna maji yanavyokwisha, sanduku hili likitumiwa kama kitabu chake kinavyoelekeza linafundisha kinyume cha ukweli.

Dosari hiyo si ndogo kwa jiji kama hili. Dar es Salaam hutegemea zaidi maji ya Mto Ruvu, lakini kila Ruvu unapopungua watu hurudi kwenye visima. Ukame wa mwaka 1997 uliacha nyuma yake visima vingi virefu, vya serikali na vya watu binafsi, na mgawo wa maji wa mwishoni mwa 2021, kisha ule wa 2022, uliwakumbusha hata wenye mabomba ya uhakika kwamba chini ya miguu yao kuna akiba. Kwa kuwa akiba hiyo haionekani, kila mmoja ameichorea picha yake kichwani. Wengi wanaamini kuna mto unaopita gizani, na kwamba fundi mzuri ni yule anayejua kuupata. Wengine wanaamini kisima ni tangi la mwenye kiwanja, linaloishia kwenye ukuta wa uzio wake. Imani zote mbili humfikisha mtu kwenye tabia ileile ya kuvuta maji bila kumfikiria jirani na kuchimba shimo la choo popote penye nafasi.

Hapo ndipo sanduku linapoanza kulipa gharama yake, kwa sababu ndani yake hakuna mto. Mtu akiinama karibu anaona punje za mchanga zimegusana na maji yamejaa katika vinafasi vilivyo kati yake, na anaona mahali ambapo mchanga mkavu uliopauka unageuka kuwa wa rangi nzito kwa kulowa. Mpaka huo ndio kina cha maji ambacho wachimbaji wa visima hukitaja kwa mita au kwa futi. Ukinyunyiza maji juu, mpaka unapanda. Ukivuta kwa bomba la sindano lililounganishwa na mrija unaowakilisha kisima, mpaka unainama kuelekea mrija huo, na mtu anaanza kuelewa kwamba kisima hakikai na maji yake peke yake bali kinayaita kutoka pande zote. Wazo lenyewe ni la zamani: Henry Darcy, mhandisi wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1856 matokeo ya majaribio yake ya kupitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga mjini Dijon, na kanuni aliyoipata ndiyo inayotumika hadi leo kukadiria mwendo wa maji ardhini. Tofauti ni kwamba bomba la Darcy lilikuwa la chuma, na hakuna aliyeweza kuona ndani.

Onyesho lenye nguvu kuliko yote ni la rangi. Upande mmoja wa sanduku kuna kitundu kinachowakilisha shimo la choo. Unadondoshea humo matone machache ya rangi nyekundu ya chakula, na kwa muda hakuna kinachotokea, hata watu wanaanza kuzungumza mambo mengine. Kisha wingu jekundu linajitokeza chini ya kitundu, linashuka taratibu hadi kwenye mchanga uliolowa, na likifika hapo haliendelei kushuka moja kwa moja kama wengi walivyotarajia, bali linaanza kusogea kando kufuata mteremko wa maji. Mwalimu akianza kuvuta kutoka kwenye kisima kilicho mbele yake, wingu linanyooka na kuwa ulimi, ulimi unakifikia kisima, na maji yaliyomo ndani ya bomba la sindano yanageuka waridi mbele ya kila mtu. Katika mkutano mmoja upande wa Mbagala mama mmoja aliyekuwa mstari wa mbele aliniuliza, "Mwanangu, hicho choo ni cha mwenye kisima au cha jirani?" Nikamwambia, "Mama, hapo chagua wewe, maana rangi haina habari ya mpaka wa kiwanja." Mzee aliyekaa kando yake hakucheka. Alitaka kujua kutoka choo chake hadi kisima cha jirani panatakiwa pawe na hatua ngapi, na kama mteremko wa ardhi unabadilisha hesabu. Hilo ndilo swali sahihi, na sijawahi kuliona likizaliwa na bango au hotuba.

Mwenye kuliendesha sanduku anapaswa hata hivyo kuwa mwaminifu kuhusu rangi. Rangi ya chakula huyeyuka na kwenda na maji bila kushikwa, jambo linaloifanya iwe mfano mzuri wa nitrati, yaani kemikali za nitrojeni zinazotoka vyooni, kwa maana nitrati nazo husafiri na maji kwa wepesi. Vijidudu vya magonjwa haviko hivyo sawasawa, kwa kuwa mchanga laini huvichuja kwa kiasi na vingi hufa vikiwa njiani, ndiyo maana umbali kati ya choo na kisima una maana. Asiyelisema hili anawaacha watu na hofu isiyo na faida, na hofu ya namna hiyo huishia kwenye kauli kwamba basi visima vyote ni vibovu na hakuna la kufanya. Kasoro ya pili iko kwenye tanki la mafuta lililofukiwa, ambalo masanduku mengi huja nalo. Mfano wenyewe unatufaa sana, kwa jinsi vituo vya mafuta vilivyojipenyeza katikati ya makazi, lakini petroli huelea juu ya maji na hutambaa kwa namna yake, wakati rangi huzama na kuchanganyika. Ni afadhali kulitaja hilo kwa mdomo kuliko kuliacha sanduku liseme uongo.

Chini ya tabaka la udongo wa mfinyanzi, sanduku lina kokoto zinazowakilisha maji ya kina kirefu. Rangi ikimwagwa juu, kisima kirefu kinaendelea kutoa maji meupe kwa muda mrefu, na hadhira inafurahi. Hapo huwa naunganisha mrija wa pili, uliotobolewa kwa makusudi ubavuni, kuonyesha kisima kirefu kilichochimbwa bila kuzibwa vizuri kati ya bomba na udongo. Uchafu unateremka kupitia kisima chenyewe hadi kwenye tabaka lililokuwa salama. Kwa jiji ambalo limeweka matumaini yake kwenye visima vya Kimbiji, huko Kigamboni, vinavyofuata maji mamia ya mita chini ya ardhi, somo hili linastahili muda zaidi ya dakika mbili ambazo kitabu cha maelekezo kinalitengea.

Sasa nije kwenye dosari kubwa. Sanduku hili hujaa upesi mno. Mwalimu akishavuta maji hadi kina kikashuka, hunyunyiza maji juu kwa chupa yenye vitundu, au hufungua mrija wa pembeni unaotoka kwenye ndoo, na kufumba na kufumbua kina kimerudi kilipokuwa. Watoto hupiga makofi. Hakuna maneno yatakayoweza kufuta walichokiona, yaani kwamba maji yakishuka, mvua moja inatosha kuyarudisha. Mtu mzima naye hutoka mkutanoni akiwa na uhakika kwamba uchafuzi ni hatari lakini wingi si tatizo.

Ukweli wa nchi hii uko mbali na hapo, na ushahidi wake unatoka Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma, kwenye visima ambavyo vimeunywesha mji huo kwa miongo mingi. Huko kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ardhi haijazwi kila msimu wa mvua. Miaka mingi hupita huku kina kikishuka kidogo kidogo, mvua za kawaida zikiishia kwenye mizizi, kwenye madimbwi na hewani. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na ndani ya miezi michache akiba ya miaka hurudishwa. Kwa maneno mengine, Dodoma hunywa leo maji yaliyoingia ardhini katika misimu michache sana ya mvua kubwa. Mtu aliyeelewa hilo hawezi kuiona mvua ya wiki moja ya masika kama ruhusa ya kuacha bomba wazi. Sanduku, kama lilivyotoka kiwandani, halina njia ya kumwelewesha.

Kwa watu wa pwani kuna pengo jingine, ambalo ni chumvi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyo chini ya ardhi karibu na bahari huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, na kwa hesabu inayojulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hulingana na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ikigeuzwa inatisha: ukivuta hadi kina kishuke kwa mita moja, mpaka wa chumvi una nafasi ya kupanda kwa mita 40. Hali hiyo inawahusu wakazi wa ukanda wa pwani wa Dar es Salaam, ambako visima vilivyogeuka magadi si habari mpya, na inaihusu zaidi Unguja, ambayo karibu yote hutegemea maji yaliyohifadhiwa katika mawe ya matumbawe na chemchemi zake. Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alipouletea mji wa Zanzibar maji ya bomba aliyatoa kwenye chemchemi za kaskazini mwa mji, na mji umekua mara nyingi tangu wakati huo bila kupata mto wowote mpya.

Sanduku halina bahari, ila linaweza kufanyiwa. Ukijaza upande mmoja maji yaliyokorogwa na chumvi nyingi na rangi ya buluu, baada ya muda utaona kabari ya buluu ikijipenyeza chini ya maji meupe, na ukivuta kisima cha karibu, ncha ya kabari inasogea kukifuata. Onyesho hili linahitaji subira, na usafishaji wake ni adhabu, lakini kwa hadhira ya Kigamboni au ya Nungwi ningeliweka mbele ya mengine yote. Likiambatana na kipima chumvi cha mkononi, kile kinachotumbukizwa kwenye kikombe na kutoa namba, linakuwa somo kamili, kwa sababu kila mtu anaweza kuleta chupa ya maji ya kisima chake na kuandika alichosomewa. Maji ya bahari husoma karibu 50,000 kwa kipimo cha maikrosimensi kwa sentimita, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambayo huongezeka kadiri chumvi inavyoongezeka. Mwenye kisima anayejua kuwa mwaka jana kilisoma 900 na mwaka huu kinasoma 1,400 hahitaji kuelezwa kuwa kabari ya buluu inamhusu.

Ni haki kulilinganisha sanduku na njia nyingine za kuifikia jamii, na hapo linang'ara. Kila mwaka kati ya tarehe 16 na 22 Machi tunaadhimisha Wiki ya Maji, na mwaka 2022 Siku ya Maji Duniani ilibeba ujumbe wa kuyafanya maji ya chini ya ardhi, yasiyoonekana, yaonekane. Ujumbe ulikuwa mzuri. Mabango mengi niliyoyaona hayakuonyesha chochote zaidi ya tone la maji na mikono miwili iliyokinga. Kauli kwamba maji ni uhai haijamfanya mtu yeyote apunguze saa za pampu yake. Picha iliyoifanya kazi hiyo kweli ni ile ya Joseph Poland, mwanasayansi wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, aliyesimama mwaka 1977 kando ya nguzo katika bonde la San Joaquin, California, huku vibao vilivyopigiliwa juu ya kichwa chake vikionyesha usawa wa ardhi ulivyokuwa mwaka 1955 na mwaka 1925. Kibao cha 1925 kiko karibu mita tisa juu ya miguu yake. Wakulima walivuta maji, ardhi ikashuka, na nguzo moja ikasema yaliyoshindikana kusemwa na ripoti. Nguvu ya picha hiyo ni miaka iliyoandikwa, kitu kile kile ambacho sanduku limenyimwa.

Njia nyingine inayostahili kuigwa ilitumika Andhra Pradesh, India, ambako mradi uliosaidiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, uliwafundisha wakulima kupima wenyewe mvua na kina cha maji katika visima vyao, kisha kabla ya msimu wa kiangazi wakakaa pamoja kupiga hesabu ya maji yaliyopo na mazao yanayoweza kulimwa kwa maji hayo. Hawakuambiwa wapande nini. Waliona hesabu, na kila mmoja akaenda kuamua. Hapa kwetu jambo hilo linaanza kwa kamba yenye alama za futi, kizito mwishoni na daftari, na baada ya onyesho la sanduku huwa naona watu wako tayari kwa kamba kuliko kabla yake. Hapo pia huibuka swali la nani ana haki ya kuchimba na kuvuta kiasi gani, na mwendeshaji asiyejua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iliweka vibali mikononi mwa bodi za maji za mabonde, ambayo kwa Dar es Salaam ni Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, ataaibika mbele ya watu.

Kuhusu ubora wa kifaa chenyewe nina machache ya kusema. Plastiki yake ni imara na inaonyesha vizuri, lakini maungio huvuja likisafirishwa likiwa limejaa, na likijaa hufikia karibu kilo 20, hivyo lisafirishwe tupu na kwa bajaji. Bodaboda isifikiriwe kabisa. Raba za mabomba ya sindano hukauka mapema, ila za kubadilishia zipo katika kila duka la dawa. Maji ya bomba yakitiwa moja kwa moja huacha viputo vya hewa katikati ya punje, navyo huziba njia na kuipotosha rangi. Maji yaliyochemshwa yakapoa hayana shida hiyo. Rangi iliyobaki huondolewa kwa maji yenye jiki kidogo, kisha kusuuza hadi harufu iishe. Kitabu cha maelekezo kiko kwa Kiingereza tu, kinazungumzia theluji inayoyeyuka, na hakina neno juu ya karo la choo lililojengwa bila sakafu.

Bei, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, inazidi uwezo wa shule nyingi za kata. Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu ni kumwendea fundi wa aluminiamu na vioo, ambaye anaweza kukata vioo viwili, kuviunga kwa fremu na silikoni, na kuacha nafasi ya mirija. Kioo ni kizito na huvunjika, lakini kwa kifaa kitakachokaa maabara hilo si kikwazo, na mchanga uliooshwa wa kujengea unatosha, mradi upite kwenye chekeche ili mkubwa utengane na mdogo. Ofisi zinazozunguka mitaani ndizo ambazo ningezishauri zinunue la kiwandani.

Kwa atakayelitumia kwa lengo la kufundisha uhifadhi, lipo badiliko moja ambalo sasa sifanyi onyesho bila hilo. Chupa ya kunyunyizia naiweka kando, mrija wa pembeni naufunga, na badala yake natundika mpira mpya wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kubana, ukidondosha tone moja moja juu ya mchanga. Kisha naita watu watatu, mmoja kwa kila kisima, wavute kwa zamu kama wanavyovuta nyumbani. Kina kinashuka na hakirudi. Kisima kifupi ndicho kinachoanza kuvuta hewa, huku chenye mrija mrefu kikiendelea kutoa, na anayeshika bomba la kisima kifupi hugeuka kumtazama mwenzake kabla mimi sijasema neno. Baada ya hapo nawaachia wapange wenyewe namna ya kuvuta ili, kwa kasi ileile ya matone yanayoingia, visima vyote vitatu visikauke. Baadhi ya makundi hukubaliana, mengine hugombana hadi muda unakwisha. Mpira wa dripu ni bei ndogo, na viwanda vingeweza kuuweka ndani ya boksi pamoja na saa ya mchanga inayohesabu miaka badala ya dakika, bila kuongeza gharama yoyote ya maana kwa mnunuzi.